Umerudi salama kutoka safari ndefu? Usiupuuze mguu mmoja uliovimba

Kijana wa watu alifika nyumbani kwao Mgololo Jumapili jioni. Wazazi wake wameishi huko miaka mingi, tangu baba alipopata ajira kwenye kiwanda cha karatasi, na ingawa mtoto sasa anaandika programu za kompyuta jijini Dar es Salaam, likizo yake huimalizia Mufindi. Safari hii alikuwa anatoka mbali zaidi. Alikuwa Berlin, Ujerumani, kwa wiki tatu, yeye na wenzake watano wa ofisi moja, wakimalizia mfumo ambao mteja alikuwa anausubiri. Kuku akachinjwa, majirani wakaja kusalimia, ulanzi ukaletwa.

Jumanne akaamka kigimbi cha mguu wa kushoto kinauma. Hakuwa ameanguka wala kuteguka. Mama yake akasema ni baridi ya Ulaya imemwingia kwenye mifupa, hiyo ni baridi yabisi, na jioni akamkanda kwa maji ya moto yenye chumvi, kisha akamchua kwa mafuta kuanzia kifundoni hadi gotini. Jumatano mguu ulikuwa umevimba na ngozi imevutika hadi inang'aa. Akanunua vidonge vya diklofenaki dukani. Maumivu yakapungua kidogo, naye akaamini amepona.

Aliyemwokoa ni mwenzake wa kazini. Wale sita wana kundi lao la WhatsApp, na yeye akaandika kwa utani kwamba mguu wake umerudi na ujauzito. Mmoja akamwambia ni misuli, mwingine akasema ale ndizi apate potasiamu, wa tatu akamcheka kwamba ni uzee. Dada mmoja akauliza swali moja tu: "Ni mguu mmoja au yote miwili?" Alipojibiwa ni mmoja, akapiga simu hapo hapo na kumwambia asilale bila kuonana na daktari. Shangazi yake alifariki kwa ugonjwa ulioanza hivyo hivyo.

Ijumaa asubuhi nilimpokea hospitalini, kakaa kwenye kiti cha magurudumu, mama yake pembeni ameshika kanga na chupa ya chai. Kijana ameniruhusu nisimulie habari yake bila jina. Nilipopima vigimbi vyote viwili kwa futi ya fundi cherehani, wa kushoto ulikuwa umemzidi wa kulia kwa sentimita nne. Altrasaundi ya mishipa ikaonyesha donge la damu lililoganda ndani ya mshipa mkubwa nyuma ya goti, likipanda kuelekea pajani.

Msomaji wangu, leo nataka tuzungumze kuhusu donge hilo. Watu wengi huko kwetu Nyanda za Juu Kusini hawajawahi kulisikia, na wanaolisikia hudhani ni ugonjwa wa wazee au wa matajiri wanaopanda ndege.

Kigimbi ni moyo wa pili

Damu hutoka kwenye moyo kwa kusukumwa. Kurudi ndiyo kazi. Kutoka kwenye unyayo hadi kifuani ni kupanda mlima, na moyo peke yake hauwezi kuivuta damu yote hiyo kwenda juu. Kinachosaidia ni misuli ya kigimbi. Kila unapopiga hatua misuli hiyo hukaza na kuiminya mishipa ya veni, yaani ile inayorudisha damu kwenye moyo, na damu hupanda. Ndani ya mishipa hiyo mna vilango vidogo vinavyofungwa ili damu isishuke tena. Ndiyo maana sisi madaktari hukiita kigimbi moyo wa pili.

Ukikaa kwenye kiti muda mrefu, magoti yamekunjwa, ukingo wa kiti unabana nyuma ya mapaja, moyo huo wa pili unasimama. Damu inatembea polepole, inatuama nyuma ya vilango, na kwa baadhi ya watu inaanza kuganda. Rudolf Virchow, daktari wa Ujerumani wa karne ya 19, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kueleza kwamba donge linaloonekana kwenye mapafu ya marehemu mara nyingi halikuzaliwa mapafuni, bali lilisafiri kutoka kwenye mishipa ya mbali, hasa ya miguu.

Safari hiyo ndiyo inayotutisha. Donge likibaki mguuni, mguu unauma na kuvimba. Kipande kikikatika, kinapanda na damu, kinapita upande wa kulia wa moyo na kwenda kuziba mishipa ya mapafu. Kikiwa kidogo, mtu anapata kichomi na pumzi inakata. Kikiwa kikubwa, anaanguka na anaweza kufariki kabla ya kufika popote.

Hesabu ya viti

Nilimwomba kijana anihesabie saa alizokaa. Wiki ya mwisho Berlin, kazi ilikuwa imewabana, walikuwa wanakaa mbele ya kompyuta saa 12 hadi 14 kwa siku, chakula kinaletwa mezani. Kisha ndege hadi Doha, takriban saa 6, yeye kiti cha dirishani, na wenzake wawili wamelala kati yake na njia, akaona aibu kuwaamsha. Kusubiri uwanjani. Ndege nyingine takriban saa 6 hadi Dar es Salaam. Akalala usiku mmoja, na alfajiri akapanda basi stendi ya Magufuli pale Mbezi: Chalinze, Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, mlima Kitonga, Iringa, hadi Mafinga. Toka Mafinga akabanana kwenye gari dogo, begi la kompyuta mapajani, hadi Mgololo. Ukijumlisha, kwa muda wa siku tatu alikuwa amekaa kwenye viti vya vyombo vya usafiri zaidi ya saa 24.

Watu huita hali hii ugonjwa wa daraja la chini la ndege. Jina hilo linapotosha, kwa sababu ndege ni kiti kama kiti kingine. Mwaka 1940, London ilipokuwa inapigwa mabomu na Wajerumani, watu walilala usiku kucha wamekaa kwenye viti vya kukunja ndani ya mahandaki. Daktari Keith Simpson, aliyekuwa akichunguza maiti, akagundua kwamba baadhi yao hawakuuawa na bomu. Walikuwa wamefariki kwa donge la damu lililopanda mapafuni baada ya kukaa usiku mzima ukingo wa kiti ukiwabana miguu. Mwaka 2003, madaktari wa New Zealand wakaandika habari za mwanaume wa miaka 32 aliyeponea chupuchupu. Hakuwa amesafiri kwenda popote. Alikuwa anakaa kwenye kompyuta saa 12 kwa siku, na mara nyingine hadi saa 18. Nilipomsimulia kijana wangu habari hiyo alinyamaza, kisha akasema, "Daktari, huyo ni mimi bila ndege."

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake kuhusu jambo hili. Kukaa safarini kwa zaidi ya saa nne bila kujongea, iwe kwenye ndege, treni, basi au gari dogo, kunaongeza hatari ya damu kuganda mara mbili hadi tatu. Usikimbie kuuza tiketi yako. Kwa mtu mwenye afya njema hatari yenyewe ni ndogo, takriban mtu mmoja kati ya 6,000. Lakini safari zikifuatana ndani ya muda mfupi hatari huongezeka, na haiishi siku unapofika. Huwa kubwa zaidi wiki mbili za kwanza, kisha hupungua taratibu hadi wiki ya nane hivi. Kwa hiyo mguu unaovimba siku ya kumi baada ya kurudi bado ni wa safari ile, hata kama wewe umeshaisahau.

Nani awe macho zaidi

Wengi wanaopata donge baada ya safari huwa na jambo la pili mwilini linalosaidiana na kiti. Wale waliofanyiwa upasuaji mkubwa hivi karibuni, au waliofungwa plasta ngumu mguuni baada ya ajali ya bodaboda. Wenye saratani. Wenye uzito mkubwa. Waliowahi kupata donge siku za nyuma, au ambao mzazi au ndugu wa damu aliwahi kupata. Wanaoishi na VVU, wenye kifua kikuu na wenye selimundu nao damu yao huganda kirahisi zaidi kuliko ya wengine. Watu warefu sana, kiti cha ndege hakikutengenezwa kwa ajili yao. Na hata wafupi sana, ambao miguu yao inaning'inia na ukingo wa kiti kuwakata nyuma ya magoti.

Kwa kina mama na mabinti nazungumza kwa kirefu kidogo. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, yaani vyenye estrojeni ndani yake, vinaongeza hatari hii. Haina maana uviache kesho. Mimba yenyewe inaongeza hatari zaidi kuliko vidonge. Ina maana kwamba ukisafiri mbali, na ukivimba mguu mmoja, umwambie daktari unavitumia. Wengi hawasemi kwa sababu mume au mama amekaa hapo hapo chumbani. Mtoe nje aliyekusindikiza, kisha useme.

Na mzazi aliyetoka kujifungua. Wiki sita za kwanza baada ya kujifungua ndicho kipindi ambacho damu ya mwanamke ni nyepesi zaidi kuganda, kwa sababu mwili ulikuwa unajiandaa kuzuia kutokwa damu nyingi. Sasa fikiria desturi yetu. Binti anajifungua Dar es Salaam, pengine kwa upasuaji, na wiki ya pili anapakiwa kwenye basi kwenda kwa mama yake Mufindi, Njombe au Tukuyu akamalize arobaini. Anakaa siku nzima na kichanga mapajani, hashuki kwa sababu ya mtoto, hanywi maji ili asisumbuke kuomba kushuka. Akifika analazwa kitandani, haruhusiwi kufanya lolote, anakandwa kwa maji ya moto tumbo na miguu. Mapumziko, uji na upendo wa mama sina ugomvi navyo hata kidogo. Ila naomba binti huyo atembee kila siku, hata kama ni kuzunguka nyumba, na mguu wake mmoja ukivimba asikandwe.

Mcheza tenisi wa Marekani, Serena Williams, alipata madonge kwenye mapafu mwaka 2011. Alipojifungua kwa upasuaji mwaka 2017 na pumzi kuanza kumkata, aliijua dalili ile, akawaambia wauguzi anataka CT-Scan na dawa ya kuzuia damu kuganda. Kwanza hawakumwamini, walidhani dawa za maumivu zimemchanganya. Kipimo kilipofanyika madonge yalikuwepo. Kama yeye, na umaarufu wake wote, ilimbidi asisitize, basi wewe usione haya kusisitiza kwenye zahanati ya kijijini kwako.

Unavyoweza kuutambua

Miguu yote miwili kuvimba kidogo kwenye vifundo baada ya safari ndefu ni jambo la kawaida. Inua miguu juu ya mto, tembea, na siku moja au mbili uvimbe utaisha. Usipoisha, fika hospitali, kwani moyo na figo nazo huvimbisha miguu yote.

Ninaouogopa ni mguu mmoja. Kigimbi kinauma, hasa ukisimama au ukikiminya. Mguu ni wa moto kuliko mwenzake, mzito. Vitabu vingi vinasema ngozi inakuwa nyekundu, lakini vitabu hivyo viliandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwetu utaona ngozi imekaza na kung'aa, au imeiva zaidi ya ule mwingine. Chukua futi, pima sentimita 10 chini ya kile kifupa kinachochomoza mbele chini ya goti, miguu yote miwili. Tofauti ya zaidi ya sentimita tatu ni jambo zito. Tofauti ikiwa ndogo usijipe uhakika, kwa sababu donge linaweza kuwepo bila uvimbe mkubwa.

Pumzi ikikukata ghafla, kifua kikichoma unapovuta hewa, ukikohoa damu, moyo ukienda mbio ukiwa umekaa tu, au ukizimia, hapo hakuna kusubiri asubuhi. Tafuta gari usiku huo huo. Mara nyingi mgonjwa wa namna hii hupimwa malaria, ikikosekana anaambiwa ni nimonia, au ana UTI, au taifodi, na anarudishwa nyumbani na antibiotiki. Simlaumu mhudumu aliye peke yake na foleni ya watu 60. Lakini mhudumu huyo hajui kwamba umetoka safari usipomwambia. Kwa hiyo anza na sentensi hii kabla hujataja kichwa wala tumbo: "Nimesafiri kwa saa kadhaa wiki hii, na mguu mmoja umevimba." Hiyo tu inatosha kubadilisha mawazo ya daktari.

Nami sina usafi wa kumnyooshea mtu kidole. Nilipokuwa daktari wa mafunzo kazini, zaidi ya miaka 15 iliyopita, alikuja mama mmoja siku ya tisa baada ya kujifungua, analalamika paja na kigimbi. Nilikuwa nimekesha. Nilimbonyeza mguu, nikamwandikia dawa ya maumivu, nikamwambia ni uchovu wa uzazi. Sikumuuliza amefikaje hospitalini. Alikuwa amekuja kwa basi kutoka mkoa mwingine. Siku mbili baadaye walimrudisha hawezi kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi. Alipona, kwa bahati na kwa juhudi za daktari bingwa wangu, si kwa akili yangu. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa mguu wowote uliovimba ni: umetoka wapi?

Kukanda na kuchua

Nilipomaliza kueleza matokeo ya altrasaundi, mama yake kijana alikaa kimya. Nilikuwa nimemsalimia "shikamoo mama" na yeye akanijibu kwa Kihehe, tukacheka. Sasa cheko lilikuwa limetoweka. Akaniuliza, "Daktari, ina maana nilikuwa namuua mwanangu kwa mikono yangu?"

Nilimjibu hivi, na ninawajibu wazazi wote wenye swali hilo. Si kila donge linang'oka likichuliwa. Lakini linaweza, na ikitokea huna namna ya kulirudisha. Hasara ya pili ni siku zinazopotea. Kila jioni ya kukanda ni jioni ambayo donge linapata nafasi ya kukua bila dawa. Mama yule alikuwa anafanya alichofundishwa na mama yake, na kwa mguu ulioteguka au mgongo uliochoka kukanda kunasaidia kweli. Mguu mmoja uliovimba wenyewe, bila kugongwa wala kuteguka, hasa baada ya safari, kujifungua au upasuaji, usiuguse hadi upimwe. Mganga wa kuchua ukimwita hautamsaidia. Mafuta ya kuchua yenye pilipili hayataifikia damu iliyo ndani.

Kuhusu ulanzi, kwa kuwa kijana aliniuliza akitabasamu: pombe haiyeyushi donge. Pombe hukutoa mkojo mwingi, hukupumbaza usijongee, na baadaye hugombana na dawa.

Matibabu yakoje

Altrasaundi ya mishipa ndicho kipimo chenyewe. Hakiumi. Si kila kituo kinacho, wala si kila mwenye mashine ya kuangalia mimba amejifunza kutazama mishipa ya miguu, hivyo unaweza kupewa rufaa kwenda hospitali kubwa, Iringa au Mbeya. Daktari akiwa na wasiwasi mkubwa na kipimo kiko mbali, anaweza kuanza dawa kabla ya kukutuma.

Dawa zenyewe huzuia donge lisiendelee kukua, na mwili wako taratibu unalimeng'enya. Kuna sindano za heparini, nyingine huchomwa chini ya ngozi ya tumbo, na hata ndugu anaweza kufundishwa kuzichoma. Kuna vidonge vya wafarini, vya siku nyingi na vya bei nafuu, ambavyo vinahitaji kupimwa damu mara kwa mara ili dozi isizidi wala kupungua. Na kuna vipya kama rivaroksabani, havihitaji kupimwa hivyo lakini bei yake ni kubwa zaidi. Mjamzito hapewi wafarini wala rivaroksabani, hutumia sindano. Kwa kawaida dawa huendelea miezi mitatu angalau. Hapa ndipo wengi wanakosea: mguu unanywea wiki ya pili, wanaacha.

Ukiwa kwenye dawa hizi, diklofenaki, ibuprofeni na aspirini usizinunue kwa uamuzi wako, kwani zikiungana nazo zinaweza kukutoa damu tumboni. Mitishamba mtajie daktari kabla ya kunywa. Ukikojoa damu, ukipata choo cheusi kama lami, au ukigonga kichwa, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Safarini

Kinga haina gharama kubwa, inataka uvumilie kuonekana msumbufu. Kwenye ndege omba kiti cha njiani, si dirishani. Kila baada ya saa moja au mbili inuka, nenda hadi mwisho wa ndege, urudi. Ukiwa umekaa, inua visigino ukiacha vidole sakafuni, kisha kinyume chake, mara 20 au 30. Hapo unauamsha ule moyo wa pili. Begi lisikae chini ya miguu likakunyima nafasi ya kunyoosha. Kunywa maji.

Kwenye basi kazi ni ngumu zaidi, najua, kwa sababu huwezi kutembea linapopanda Kitonga. Tumia kila nafasi. Konda akitangaza kuchimba dawa, shuka hata kama huna haja, tembea hadi basi lipige honi. Kwenye hoteli ya chakula, hizo dakika 20 usizimalizie mezani. Kula haraka, kisha tembea. Mama mwenye kichanga, mwombe jirani akushikie mtoto. Na ukitua kutoka ng'ambo, kama ratiba inaruhusu, pumzika siku moja au mbili Dar es Salaam, tembea kwa miguu, ndipo upande basi la kwenda nyumbani.

Soksi za kubana za kitabibu, zinazofika chini ya goti, zinasaidia wenye hatari kubwa. Ziwe za kipimo chako, maana ikibana juu kuliko chini ni sawa na kamba. Aspirini ya kujinunulia kwa ajili ya safari siishauri. Kama uliwahi kupata donge, au ni mjamzito, au umetoka kupasuliwa, onana na daktari kabla ya kukata tiketi. Wapo wanaohitaji sindano siku ya safari.

Wazazi wameniuliza kuhusu watoto wanaoshinda kwenye simu na michezo ya kompyuta. Donge kwa mtoto mwenye afya ni nadra sana, msilale macho kwa ajili hiyo. Mtoeni nje acheze kwa sababu nyingine zote mnazozijua.

Na nidokeze jambo la pembeni. Homa baada ya safari ni habari tofauti. Iringa na Njombe malaria ni kidogo kuliko mikoa kama Kigoma au Geita, hivyo aliyekulia huku hana kinga ya kutosha. Akilala Dar es Salaam bila chandarua, homa inaweza kumkuta wiki moja au mbili baadaye akiwa Mufindi, wakati hakuna anayewaza mbu. Apimwe.

Kijana wangu sasa yuko mwezi wa tatu wa dawa. Mguu umerudi karibu na ukubwa wa mwenzake, ingawa jioni bado unakuwa mzito, na nimemwambia hali hiyo inaweza kuendelea kwa miezi. Wale wenzake watano walipima vigimbi vyao kwa futi siku ile ile alipolazwa, wakatumiana namba kwenye kundi. Ofisini wameweka mezani kengele inayolia kila saa, wote wanasimama. Nasikia bosi alilalamika wiki ya kwanza, kisha naye akaanza kusimama.

Wiki iliyopita alinipigia kuuliza kama anaweza kwenda tena Berlin mwakani. Nilimwambia tutapima kwanza, na siku ya kuondoka hatapewa kiti cha dirishani. Mama yake, aliyekuwa karibu na simu, akaniomba nimwandikie kwenye karatasi mahali pa kupima sentimita 10, kwa sababu mdogo wake kijana atajifungua Dar es Salaam mwezi ujao, na anakuja nyumbani kwa arobaini.